Nukta Nyekundu Kwenye Mgomba: Uchambuzi wa Kipimo cha Leza Kilichosomwa Vibaya Jikoni

Kisa hiki kilitokea wakati wa masika, kwenye shule ya bweni iliyopo upande wa kusini wa Mlima Meru, juu kidogo ya barabara kuu inayotoka Arusha kwenda Moshi. Jina la shule nalihifadhi, na wahusika nitawataja kwa kazi zao tu. Nakiandika kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu, tena nililifanya nikiwa na kifaa kizuri mkononi, kipima metani cha leza (metani ndiyo sehemu inayowaka ya gesi ya samadi), ambacho kila tarakimu iliyotokea kwenye kioo chake ilikuwa ya kweli. Tulikosea kudhani kwamba tarakimu hizo zinajibu swali letu, wakati zilikuwa zinajibu swali jingine.

Malalamiko ya wapishi

Shule ina wanafunzi zaidi ya 300 na ng'ombe 14 wanaofugwa bandani kwa kukatiwa majani, kama wafanyavyo wafugaji wengi wa Arumeru ambao hawana tena eneo la malisho. Samadi huingizwa katika mtambo wa biogesi wa kuba lililofukiwa ardhini, wa aina ambayo imejengwa sana mkoani Arusha tangu miaka ya 1980, CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kilipokuwa kikiendeleza miundo inayofaa mazingira yetu. Gesi hutoka kwenye kilele cha kuba na kupita katika bomba lililozikwa, urefu wa mita 60 hivi, hadi jikoni, ambako huwasha majiko mawili makubwa ya uji na chai. Ugali na makande hupikwa kwa kuni katika banda la pembeni.

Tangu mwishoni mwa Machi wapishi walikuwa wakilalamika kuumwa kichwa. Maumivu yalianza alfajiri wakati wa kupika uji, yakazidi kadiri saa zilivyokwenda, na yakaisha kila mpishi aliporudi nyumbani kwake. Mmoja wao alitapika mara mbili. Jikoni kulikuwa na harufu hafifu ya mayai viza, hasa karibu na dirisha la nyuma, na wakati huohuo moto wa majiko ya gesi ulikuwa umedhoofika: ulishuka, ukapanda, ukashuka tena, kana kwamba kuna mtu nje anachezea koki. Mkuu wa shule aliyaunganisha mambo hayo matatu kama ambavyo mtu yeyote angeyaunganisha. Gesi inavuja jikoni. Ndiyo maana panatoa harufu, ndiyo maana moto hauna nguvu, na ndiyo maana watu wanaumwa.

Fundi bomba aliitwa, akapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote vinavyofikika, asione hata kiputo kimoja. Hapo ndipo nilipoombwa niende na kifaa cha leza, ambacho nilikiazima kwa mwenzangu anayekitumia katika kazi za ukaguzi wa mitambo.

Kifaa na kanuni yake

Molekuli ya metani hufyonza mwanga wa infraredi kwenye urefu fulani wa mawimbi tu, na urefu mwingine huuacha upite. Urefu huo huitwa mistari ya ufyonzaji, na mmojawapo upo kwenye mikromita 1.65 hivi, eneo ambalo jicho halioni na ambalo mvuke wa maji na kaboni dioksidi haviingilii sana. Ndani ya kifaa mna leza ndogo, ndugu wa karibu wa zile zinazosafirisha taarifa katika mkonga wa mawasiliano, ambayo hurekebishwa kwa joto na kwa mkondo wa umeme mpaka mwanga wake ukae juu ya mstari huo hasa. Kisha mwanga huo hutikiswa kidogo upande huu na upande ule wa mstari, maelfu ya mara kwa sekunde. Hutoka, hugonga ukuta, na sehemu yake ndogo mno hurudi kwenye kihisi. Njiani pakiwa na metani, mwanga unaorudi hupungua kila mara unapovuka kitovu cha mstari, na kwa kuwa katika kila mtikisiko mmoja kitovu huvukwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, alama ya metani hujitokeza kwa kasi iliyo maradufu ya mtikisiko wenyewe. Kifaa hutafuta alama hiyo ya maradufu na kuigawanya kwa nguvu ya mwanga uliorudi. Ndiyo maana ukuta uliopakwa chokaa na ukuta uliojaa masizi hutoa jibu lilelile, ilimradi mwanga uliorudi unatosha.

Kanuni iliyo chini ya haya yote ni ya zamani kuliko leza yenyewe, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Bouguer aliigusa mwaka 1729, Lambert akaiandika kwa hesabu mwaka 1760, na Beer mwaka 1852 akaihusisha na wingi wa kitu kinachofyonza. Inasema kwamba kiasi cha mwanga kinachopotea hutegemea mambo mawili yaliyozidishwa pamoja: gesi imekolea kiasi gani, na mwanga umepita ndani yake kwa umbali gani.

Kifaa hakina njia ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Huonesha zao lao (jibu la kuyazidisha), kwa kipimo kinachoandikwa ppm·m, yaani sehemu kwa milioni zikizidishwa kwa mita. Tarakimu 300 inaweza kuwa wingu jepesi la sehemu 30 kwa milioni lenye urefu wa mita 10, na inaweza pia kuwa wingu zito la sehemu 3,000 lenye unene wa sentimita 10. Kioo kitaonesha kitu kilekile. Zaidi ya hayo, hewa ya kawaida popote duniani ina metani takriban sehemu 1.9 kwa milioni, kwa hiyo mstari wa mita 10 juu ya uwanja wa mpira utatoa karibu 19 hata pasipo mtambo wala ng'ombe wa karibu.

Mambo haya niliyajua kabla sijapanda gari kwenda shuleni. Nimewahi hata kuyafundisha.

Siku ya kwanza

Nilifika Jumanne saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Nilisimama mlangoni nikaelekeza kifaa kwenye ukuta wa kulia, yalipo majiko ya gesi, nikapata 11. Ukuta wa kushoto ulitoa 9. Darini nilipata 10, na dari ni mahali pa kuangaliwa kwa makini kwa sababu uzito wa metani ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa hewa, hivyo ikivuja chumbani hukimbilia juu. Jiko lina urefu wa mita 5, kwa hiyo namba zote tatu zilikuwa ni hewa ya kawaida tu. Kisha nikageukia dirisha la nyuma: 310. Nilishusha kifaa nikakiinua tena: 285, halafu 330. Nukta nyekundu, ambayo hutolewa na leza nyingine ndogo inayoonekana ili mtumiaji ajue analenga wapi, ilikuwa imetulia katikati ya dirisha.

Dirisha lile halina kioo. Lina nondo na wavu wa mbu, wavu wa waya ambao kwa miaka mingi umeshika masizi na mafuta ya kukaangia, kiasi kwamba nukta nyekundu ilionekana juu yake vizuri kama ambavyo ingeonekana juu ya kitambaa cheusi. Nje ya dirisha kuna shamba dogo la migomba, na kati ya dirisha na migomba hiyo kuna chemba ya kutokea ya mtambo, yaani lile tanki linalopokea tope linalosukumwa na gesi kutoka ndani ya kuba. Chemba hufunikwa kwa mabamba ya zege. Bamba moja lilikuwa limesogezwa pembeni ili tope lichotwe kwa ndoo na kumwagiwa migomba. Nilikuwa nimeiona chemba hiyo nilipozunguka jengo, na bado sikuihusisha na dirisha.

Mzee anayetunza ng'ombe alikuwa amesimama migombani, amejifunika gunia kichwani kujikinga na mvua. Aliniita kwa sauti, "Kijana wangu, hiyo taa yako nyekundu imeangukia huku kwenye mgomba wangu." Nilimwitikia, "Ndiyo mzee, nakuja huko," nikainamisha kichwa na kuandika katika fomu kwamba metani imegundulika jikoni, upande wa dirisha la nyuma, 310. Sikwenda.

Mkuu wa shule aliniuliza kama 310 ni nyingi. Nilimwambia kwamba metani huanza kuweza kulipuka ikifikia asilimia 5 ya hewa, yaani sehemu 50,000 kwa milioni, kwa hiyo hakuna hatari ya mlipuko, ila ni dalili kwamba pana mahali panavuja. Jibu hilo lilisikika la kitaalamu, lakini lilikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi mzuri wa kidato cha nne angeiona: 310 ilikuwa ni zao la ukolezi na umbali, 50,000 ni ukolezi peke yake, na kuvilinganisha viwili hivyo ni sawa na kulinganisha uzito wa gunia na urefu wa kamba iliyolifunga. Fomu ya shule nayo ilikuwa na safu moja tu, "Kiwango cha gesi". Hapakuwa na mahali pa kuandika umbali, nami sikuulizia.

Palikuwa na sababu nyingine ya kushtuka, iliyohitaji kalamu na dakika mbili. Tuseme 310 yote ilikuwa ndani ya jiko, imetandaa sawasawa katika mita zile 5. Huo ni ukolezi wa sehemu 62 kwa milioni. Metani si sumu. Humdhuru mtu pale inapokuwa nyingi kiasi cha kuisukuma hewa ya oksijeni ipungue, na sehemu 62 kwa milioni haziwezi kufanya hivyo. Tuangalie na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu kweli. Biogesi huwa na metani kama asilimia 60. Ikizimuliwa hadi metani ibaki sehemu 62 kwa milioni, imezimuliwa karibu mara 10,000. Hata tukichukulia kwamba gesi ghafi ilikuwa na salfaidi sehemu 2,000 kwa milioni, jikoni ingebaki sehemu 0.2. Pua inainusa bila shida, lakini si kiwango cha kumtapisha mtu mzima. Kwa maneno mengine, hata kipimo changu kikisomwa kwa namna ya kutisha kuliko zote, hakikuweza kueleza vichwa vya wapishi. Ningefanya hesabu hii Jumanne, ningeuliza swali jingine Jumanne.

Turubai

Kwa kuamini alichoambiwa, mkuu wa shule alitoa amri mbili, na zote mbili zilikuwa na mantiki. Ya kwanza, koki kuu iliyo karibu na kuba ifungwe mpaka pavujapo papatikane. Ya pili, kwa kuwa mtaalamu alisema gesi ipo upande wa dirisha la nyuma, dirisha hilo lizibwe kwa turubai.

Jambo ambalo sikuambiwa, na ambalo sikuuliza, ni kwamba tangu moto wa gesi ulipodhoofika wapishi walikuwa wakiongezea majiko ya mkaa humohumo ndani, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na banda la pembeni lilikuwa likivuja. Koki ilipofungwa, kazi yote ya uji na chai ilihamia kwenye mkaa. Mlango ulirudishiwa kwa ajili ya mvua, na dirisha sasa lilikuwa na turubai. Alhamisi alfajiri mpishi mmoja aliinuka kukoroga uji, akaanguka. Wenzake walimburura hadi barazani, naye akapelekwa kituo cha afya, akawekewa oksijeni, na siku iliyofuata akaruhusiwa kurudi nyumbani. Sitaieleza alfajiri hiyo zaidi ya hapo, maana sikuwapo, na walioieleza mbele yangu walikuwa bado wanatetemeka.

Ziara ya pili

Nilirudi Alhamisi hiyohiyo mchana. Turubai lilikuwa limeshaondolewa. Koki ilikuwa imefungwa kwa siku mbili, geji ya jikoni inasoma sifuri, na bomba lote kati ya koki na majiko halina presha. Nilisimama palepale mlangoni nikalenga dirisha lilelile, nikapata 1,150.

Namba hiyo haikuwezekana. Kama gesi inavuja kutoka kwenye bomba la jikoni, kufunga koki hakuwezi kuiongeza karibu mara nne. Nilimkabidhi fundi bomba kifaa, nikamwomba asisogee wala asikishushe, nikatoka nje na kuzunguka hadi migombani alipokuwa mzee. Nilimwamkia, naye akaniitikia, kisha bila kusema neno akanionesha kwa kidole. Kwenye shina la mgomba wa tatu, kimo cha kiuno, palikuwa na nukta nyekundu iliyofifia, imekatwakatwa na vivuli vyembamba vya nyuzi za wavu.

Wavu wa mbu ni matundu zaidi kuliko waya. Nusu ya mwanga na zaidi ilikuwa ikipita kwenye matundu, inasafiri mita nyingine 9 nje, inapita juu ya chemba iliyo wazi, inagonga mgomba na kurudi kwa njia ileile. Ile nukta niliyoiona kwenye masizi ilikuwa ni sehemu tu ya mwanga iliyokwama kwenye waya. Tena mwanga uliorudi kutoka kwenye waya, ambao haukukutana na metani yoyote ya maana, ulikuwa umechanganyika na ule uliorudi kutoka mgombani na kuizimua tarakimu, kwa hiyo hata ile 310 ya Jumanne ilikuwa ndogo kuliko ukweli wa nje na kubwa kuliko ukweli wa ndani. Haikuwa kipimo cha mahali popote.

Jaribio la kuthibitisha lilifanywa kwa kipande cha boksi la mafuta ya kula. Mpishi mkuu alikishika mbele ya wavu kwa ndani, na kifaa kikasoma 10. Alitoka nje akakishika kati ya ukuta na chemba, nikapata 21. Alipokwenda kusimama nyuma ya chemba, namba ilipanda hadi 1,200 na zaidi. "Kwa hiyo humu ndani hamna kitu, Mwalimu?" aliuliza. Nilimjibu kwamba metani hamna. Nilipotoka na kupima moja kwa moja juu ya tundu la chemba, pasipo wavu katikati, nilipata 1,900. Na hapo pia ilibidi niweke ubao ng'ambo ya tundu, kwa sababu kulenga tope lenyewe hakukurudisha mwanga wa kutosha. Tope ni jeusi na lina maji, na maji yenyewe, tofauti na mvuke wake, hufyonza mwanga wa urefu huo kwa nguvu.

Kwa kujifariji kidogo, nilikumbuka kwamba jambo la namna hii limewapata na wakubwa. Gari la Curiosity lililotua Mirihi mwezi Agosti 2012 lina kipimo cha leza cha kutafuta metani, na ndani yake mwanga hurudishwa kati ya vioo viwili mara 81 ili upite takriban mita 16.8 ndani ya sampuli ndogo. Katika vipimo vya mwanzo metani ilionekana, lakini ilikuwa ni ya duniani, mabaki ya hewa iliyosafiri nayo katika chumba kidogo kinachotangulia sampuli, ambamo mwanga hupita kwanza. Wenzetu wale waliihesabu na kuitoa kabla ya kutangaza chochote. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye fomu.

Kwa nini chemba ilikuwa ikitoa gesi

Mtambo wa kuba hauna sehemu inayopanda na kushuka. Gesi inapozalishwa na isitumike, hulisukuma tope litoke chini ya kuba na kuingia katika chemba. Gesi ikitumika, tope hurudi. Isipotumika kabisa, kiwango cha tope ndani ya kuba hushuka mpaka kwenye mdomo wa njia ya kutokea, na kuanzia hapo gesi hupenya na kububujika kupitia chemba, ikaenda zake hewani. Kufunga koki siku ya Jumanne kulikuwa ni kuifungulia gesi mlango huo. Tuliiona kwa macho Alhamisi: viputo vikubwa kama ngumi, vikipasuka kwa zamu juu ya tope.

Lakini chemba ilikuwa imeanza kutoa gesi kabla koki haijafungwa, na hilo ndilo lililotupeleka kwenye chanzo. Kuba lilikuwa na presha nzuri; majiko hayakuwa na moto. Kati ya viwili hivyo palikuwa na kizuizi. Biogesi hutoka kwenye kuba ikiwa imejaa mvuke, na mvuke huo hugeuka maji ndani ya bomba lililozikwa, hasa ardhi inapopoa kwa mvua. Bomba hulazwa kwa mteremko mdogo ili maji yakimbilie kwenye mtego wa maji, ambao hufunguliwa na kumwagwa mara kwa mara. Aliyekuwa akiumwaga alihama mwezi Januari, na kazi hiyo haikukabidhiwa kwa mtu. Fundi bomba alipoufungua, maji meusi yalimwagika kwa dakika nzima na kujaza zaidi ya nusu ndoo. Mita chache mbele ya mtego, mahali ambapo lori la kuni lilikuwa likipita, bomba lilikuwa limebonyea na kushika maji kama tumbo la mto. Huko kucheza kwa moto kulikuwa ni gesi ikipenya majini kiputo kwa kiputo. Palichimbwa, bomba likanyanyuliwa na kulazwa upya, na koki ilipofunguliwa jioni ya Ijumaa moto ulisimama wima, wa buluu.

Harufu nayo ilipata maelezo: ilitoka kwenye tope, ikaingizwa jikoni na upepo kupitia wavu.

Gesi ambayo kifaa hakikuweza kuiona

Ijumaa, kabla majiko ya gesi hayajarudi, ofisa afya alileta king'ora kidogo cha betri cha kupima kaboni monoksidi, ambacho hakitumii leza bali seli ya kemikali inayozalisha umeme kidogo inapokutana na gesi hiyo. Tuliwasha majiko matatu ya mkaa, tukatundika king'ora kwenye msumari, tukarudishia mlango na kuziba dirisha kwa turubai, wote tukiwa nje. Baada ya dakika 40 kilisoma sehemu 180 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 35 kwa mita moja ya ujazo kuwa kikomo cha kuvuta kwa saa moja, ambazo ni kama sehemu 30 kwa milioni. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Haina rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kisha mtu huishiwa nguvu miguuni. Ni maelezo yaleyale ambayo wapishi walikuwa wakiyatoa tangu Machi.

Nililenga leza chumba hichohicho kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, nikapata 16. Tofauti kati ya hiyo na 10 ya hewa ya kawaida ni ndogo kuliko mtikisiko wa kawaida wa kifaa. Chumba ambacho kingeweza kumwangusha mtu kilikuwa, machoni pa kipima metani, chumba safi. Mistari yenye nguvu ya kaboni monoksidi ipo kwenye mikromita 4.6, na mingine dhaifu zaidi kwenye 2.3. Leza ya mikromita 1.65 husogezwa kwa nanomita chache tu, basi. Haiwezi kufika huko, kama ambavyo filimbi haiwezi kutoa sauti ya ngoma. Leza za kupima kaboni monoksidi zipo, na hutumika katika tanuri za viwandani, ila kwa jiko la shule king'ora cha betri kinatosha na bei yake haifanani hata kidogo na ya leza.

Huwa naulizwa kama basi kifaa cha leza hakikufaa. Kilifaa sana, baada ya kuulizwa swali lake. Jumamosi nilitembea nacho juu ya njia yote ya bomba, hatua kwa hatua, nikilenga ardhini mita 2 mbele yangu, na kwa robo saa tulikuwa na uhakika kwamba mita 60 zilizozikwa hazivuji popote, kazi ambayo kwa sabuni ingehitaji mtaro mzima uchimbwe. Vilevile ndicho kilichotuonesha ni gesi kiasi gani inapotea kwenye chemba, na metani si kitu cha kuachia hewani, maana kwa kipindi cha miaka 100 kilo moja yake huongeza joto la dunia karibu mara 28 ya kilo moja ya kaboni dioksidi.

Niliiandika upya taarifa yangu na kumwomba mkuu wa shule aiambatanishe na ile ya kwanza badala ya kuichana. Mkaa umepigwa marufuku ndani, banda la kuni limeezekwa, king'ora kimetundikwa, na kumwaga mtego wa maji kumeandikwa katika zamu za kila Jumatatu. Bamba la chemba limerudishwa, ingawa mzee analisogeza anapotaka kuchota tope la migomba yake, na ni haki yake.

Nilirudi mara ya mwisho mwezi Julai, jua likiwaka. Katika fomu ya shule niliongeza safu mbili kwa rula na kalamu: umbali, na mahali mwanga ulipoishia. Mzee alikwenda mwenyewe kusimama migombani bila kuombwa, na kila nukta ilipoangukia upande wake aliinua mkono, nami nikaandika. Dirisha la nyuma: 74. Mita 14. Mgomba wa tatu.